Soya katika Mashamba Madogo ya Magharibi: Kutoka Maseno Hadi Mumias

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara ya Busia hupanda kilima mpaka Maseno, mahali ambapo mstari wa Ikweta unakata njia, kisha hufika Luanda. Hapo ndipo aonapo jinsi watu walivyosongamana katika nchi hii. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika Kaunti ya Vihiga kila kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 1,000. Boma hupakana na boma, na ua wa mtu ndio mpaka wa jirani yake. Ardhi iliyomtosha babu imegawiwa wana, na wana nao wamewagawia wajukuu, hata nyumba nyingi leo hazina zaidi ya ekari moja au mbili za kulima.

Mbele ya Luanda ni Yala, na kutoka huko njia huelekea Butere, mwisho wa reli ndogo itokayo Kisumu. Ukiipita Butere unafika Mumias, karibu na mto Nzoia, mji uliopewa jina la Nabongo Mumia wa Wanga, na ambao zamani ulikuwa kituo mashuhuri cha misafara ya wafanya biashara kutoka pwani. Mvua katika nchi hizi ni nyingi, na misimu ya kupanda ni miwili, mmoja wa mwezi Machi na mwingine wa Agosti au Septemba. Mgeni akiona majani mabichi kila upande hudhani kwamba hapana njaa. Lakini akiingia shambani ataona mahindi mafupi yenye majani ya manjano, na chini yake mmea mdogo wenye maua ya rangi ya zambarau. Huo ndio kayongo, mwizi anyonyaye mizizi ya mahindi kabla mkulima hajajua kwamba ameibiwa.

Miwa na Subira Yake

Kwa muda mrefu zao la fedha katika upande wa Mumias lilikuwa miwa. Kiwanda cha sukari kilianza kusaga mwaka 1973, na watu wengi walisomesha watoto wao kwa fedha zake. Lakini muwa hutaka miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa, na mwenye ekari moja akiipanda miwa yote hana mahali pa kupata chakula. Kiwanda kilipolemewa na madeni na kuwekwa chini ya msimamizi mwaka 2019, wakulima wengi waliona hatari ya kutegemea zao moja na mnunuzi mmoja.

Katika hali hiyo soya imepata nafasi. Zao hili si geni. Liliingia Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, ila halikuenea sana. Hukomaa kwa muda wa miezi mitatu mpaka minne hivi. Karibu sehemu 40 katika kila 100 za punje yake ni protini, na sehemu 20 hivi ni mafuta. Viwanda vya mafuta na vya chakula cha kuku na ng'ombe huitafuta sana, na soya nyingi inayotumika Kenya hununuliwa nchi za nje. Basi wanunuzi wapo. Swali alilo nalo mwenye ekari moja ni kama faida itabaki mkononi mwake baada ya kulipa gharama zote.

Mbolea Itokayo Hewani

Msingi wa faida ya soya uko chini ya ardhi. Sehemu 78 katika kila 100 za hewa ni naitrojeni, ile ile ambayo mkulima huinunua dukani katika gunia la mbolea. Mahindi hayawezi kuichukua hewani. Soya yaweza, kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi katika vinundu vya mizizi yake. Mkulima aking'oa mche wakati wa kuchanua na kukipasua kinundu, akiona rangi nyekundu ndani yake, ajue kwamba kazi inafanyika. Akiona weupe au kijani, vijidudu vyake havifai au vimechoka.

Kwa kuwa mashamba mengi hayana vijidudu vya kutosha, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitengeneza unga wenye vijidudu hivyo, uitwao Biofix, ambao huchanganywa na mabaki ya matope ya viwanda vya sukari. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji yenye gundi, kisha hupakwa unga huo, kiasi cha gramu 10 kwa kila kilo moja ya mbegu. Kazi hiyo hufanywa kivulini, na mbegu hupandwa siku ile ile, kwa sababu jua kali huua vijidudu. Pia zipo mbegu zisizochagua sana vijidudu. Mojawapo ni SB19, iliyotokana na mbegu za taasisi ya IITA ya Ibadan, Nijeria.

Hata hivyo, vijidudu haviwezi kuleta fosforasi, na udongo wa Magharibi una upungufu mkubwa wa fosforasi. Anayeacha mbolea hiyo kwa kuwa amesikia soya hujilisha yenyewe, huvuna kidogo na kuilaumu mbegu bure.

Hesabu ya Magunia

Yafaa kuchukua mfano wa wakulima wawili wenye ekari moja kila mmoja. Tuseme kulima, mbegu, mbolea na palizi humgharimu kila mmoja thamani ya magunia 3 ya soya. Wa kwanza alichelewa kupanda, akatupa mbegu bila mistari, akapalilia magugu yalipokwisha kuzidi. Alivuna magunia 4, na likambakia gunia 1. Wa pili alipanda mvua zilipoanza, kwa mistari ya sentimita 45 na nafasi ya sentimita 5 kati ya mbegu na mbegu, akapalilia mara mbili katika wiki sita za kwanza. Alivuna magunia 8. Tukitoa lile gunia 1 zaidi la kulipia kuvuna na kupura, yanambakia magunia 4. Mavuno yake ni mara mbili ya mwenzake, lakini faida yake ni mara nne. Ardhi ni ile ile, na bei ni ile ile. Tofauti imetoka katika kupanda na kupalilia kwa wakati wake.

Katika hesabu hiyo imo kazi ambayo watu wengi huisahau. Mama na watoto wanaopalilia bila mshahara hufanya kazi yenye thamani, na siku zao zapasa kuandikwa. Mtu asiyeziandika hujiona amepata faida, kumbe amekula jasho la nyumba yake.

Tena faida nyingine haionekani mpaka msimu wa pili. Mahindi yanayofuata soya hupata naitrojeni iliyobaki katika udongo. Mizizi ya soya nayo huziamsha mbegu za kayongo, lakini haiwezi kulishwa na kayongo, hivyo mbegu hizo huota na kufa. Kwa mwenye shamba dogo asiyeweza kuacha mahindi hata msimu mmoja, upo mtindo uitwao MBILI uliojaribiwa katika nchi hizi za Magharibi, wa mistari miwili ya mahindi na miwili ya kunde au soya, ili zao fupi lipate jua.

Kuvuna, Kutunza na Kuuza

Majani yakianguka na maganda yakiwa rangi ya hudhurungi, mkulima asikawie. Maganda makavu hupasuka na kumwaga punje chini, na punje zilizoanguka ni faida iliyopotea. Punje zikaushwe vizuri kabla ya kuwekwa ghalani. Wadudu wanaotoboa maharagwe ghalani kwa kawaida hawaitaki sana soya, na kwa hiyo mwenye nafasi aweza kungoja bei ipande. Lakini mbegu ya kupanda isikae muda mrefu, maana nguvu yake ya kuota hupungua upesi.

Anayeuza gorogoro moja moja kando ya barabara hupata bei ya mchuuzi. Wakulima wakikusanya magunia yao pamoja, mwenye lori huona faida kuja mpaka kijijini, nao hupata nguvu ya kusema neno juu ya bei na juu ya mizani.

Soya nyingine yafaa ibaki nyumbani. Katika miji ya Butere na Mumias wanawake wamejifunza kuikaanga na kuisaga ili kuichanganya na unga wa uji, na kukamua maziwa yake. Ni sharti ipikwe vizuri, kwa sababu punje mbichi huzuia tumbo lisisage chakula sawasawa. Mtoto aliyekunywa uji huo huonyesha faida ambayo haikupitia sokoni.

Jioni, njia itokayo Mumias kwenda Bungoma huvuka Nzoia kati ya miwa mirefu na viraka vidogo vya soya. Msafiri huviona viraka hivyo kuwa vidogo sana. Lakini mwenye kiraka chake aliyeandika katika daftari siku aliyopanda, kilo alizopanda, fedha alizotoa na magunia aliyovuna, hujua vizuri kama kinamlipa au hakimlipi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.