Kitabu Kilichonivunja Moyo

Mwandishi umpendaye hukuzoesha vibaya. Hukupa kitabu kizuri, kisha kingine, hata ukasadiki kwamba kalamu yake haiwezi kuchoka. Agatha Christie, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1890, alinizoesha hivyo tangu nilipokuwa mwanafunzi kama wewe usomaye sasa. Nilipomaliza The Murder of Roger Ackroyd, kilichotolewa mwaka 1926, nilirudi ukurasa wa kwanza kutafuta mahali nilipofumbwa macho. Kumbe dalili zote zilikuwa mbele yangu! Huo ndio utamu wa hadithi za upelelezi: mwandishi huificha siri yake mahali pa wazi.

Kitabu cha Postern of Fate, cha mwaka 1973, nilikiweka hata mwisho, kama mtoto awekavyo mnofu mmoja pembeni mwa sahani. Ndani yake wamo Tommy na Tuppence, mume na mke niliokutana nao wakiwa vijana katika The Secret Adversary cha mwaka 1922. Sasa ni wazee, nao wamehamia katika nyumba ya kale yenye vitabu vya kale. Tuppence afungua kimoja, aona herufi zilizopigiwa mistari. Aziunganisha moja moja, nazo zasema kwamba Mary Jordan hakufa kifo cha kawaida.

Nani asingegeuza ukurasa? Walakini baada ya hapo hadithi yakaa kitako. Watu wazungumza, wakumbuka ya zamani, wazungumza tena. Jambo lililokwisha kuelezwa laelezwa upya kana kwamba halijasikiwa. Mzee mtunza bustani auawa, na kifo chake hakimshtui msomaji hata kidogo. Nilipokifunga sikutamani kurudi ukurasa wa kwanza, maana sikuwa nimefumbwa lolote.

Wako watakaosema kwamba mwandishi alikuwa na umri wa miaka 83, na si adabu kumkosoa mzee. Mzee namheshimu, lakini kitabu si mzee. Kitabu hutoka sokoni kwa bei, nacho chastahili kupimwa kwa mizani ileile tuliyovipimia vya kwanza. Kukisifu kwa ajili ya jina lililo juu ya jalada ni kuvipunja vile vilivyolipatia jina hilo sifa yake.

Hiki ndicho cha mwisho alichokitunga. Curtain kilitolewa baadaye, mwaka 1975, lakini alikuwa amekiandika wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akakihifadhi. Nacho ni kikali kama wembe. Yeyote avisomaye viwili hivi kwa kufuatana ataona umbali uliopo kati yao. Kilichoniuma zaidi, hata hivyo, ni zile herufi zilizopigiwa mistari. Jicho la kuona mwanzo wa hadithi alikuwa nalo bado. Mkono wa kuisuka ndio uliokuwa umelegea.

Kabatini nimekiweka nyuma ya vingine. Mwanafunzi akiniomba kitabu cha kuanzia, nampa Roger Ackroyd. Akivimaliza vya mbele vyote na kuulizia hicho cha nyuma, nitampa, nami nitangoja kusikia atakavyosema.