Kwenda Namugongo: Tulipe Yote kwa Mkupuo, au Kila Mtu Ajilipie Njiani?

Kila mwaka Pasaka ikisha kupita, hapa Hamugembe huanza maneno ya Namugongo. Matangazo hubandikwa ukutani: basi kwenda na kurudi, malazi, chakula, na kiongozi wa safari, vyote kwa fedha moja. Upande wa pili wapo wanaosema, “Fedha hizo ni nyingi mno. Mimi nitapanda gari mwenyewe hadi Mutukula, nikisha vuka nitapanda jingine.” Watu huja ofisini kwangu kuuliza njia ipi iliyo bora, nami kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa parokia, huwapa kalamu na karatasi tukafanya hesabu pamoja. Hesabu hiyo ndiyo nataka tuifanye leo, wewe na mimi.

Lakini kwanza tuitazame njia yenyewe, maana asiyeijua njia hawezi kujua anachouziwa.

Kutoka Bukoba mjini hadi Mutukula ni kilomita kama 80, lami tupu. Utapita Kyaka, na hapo utavuka mto Kagera mahali ambapo askari wa Idi Amin walilivunja daraja mwaka 1978. Wazee wetu wakifika hapo hunyamaza kidogo. Halafu Bunazi, halafu mpaka. Mutukula si kama zamani: tangu mwaka 2017 maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja, na msafiri hushughulikiwa mara moja upande ule anaoingia. Ukisha vuka, utapita Kyotera hadi Masaka, na mbele ya Masaka, mahali paitwapo Kayabwe, utavuka mstari wa Ikweta. Hapo kila gari la mahujaji husimama ili watu wapigwe picha, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Toka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Namugongo iko ng’ambo ya mji, upande wa kaskazini-mashariki, na kwenda huko lazima ubadili gari.

Ukilisikia neno “taksi” nchini Uganda, usidhani ni gari la kukodi peke yako. Ni gari dogo la abiria kama zile haisi zetu. Lugha haitakutesa sana. Kihaya na Kiganda ni ndugu, na ukiuliza “ssente mmeka?” utajibiwa bei. Tena ndizi ni zile zile.

Njia hii kwetu si ngeni. Askofu Hirth na mapadri wake walitoka Buganda mwaka 1892 wakafungua misheni ya Kashozi. Kwa hiyo imani yetu yenyewe ilitufikia ikitoka upande ule, miaka sita tu baada ya Karoli Lwanga na wenzake kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Ndiyo maana mtu wa Buhaya huona kama anakwenda kwa jamaa zake.

Haya, sasa tushike kalamu. Nitatumia bei za mfano tu. Za kweli uziulize mwaka wako, kwa kuwa hubadilika. Tuseme tangazo linataka shilingi 220,000 kwa kila mtu, kwa siku tatu. Wewe ukijisafirisha, tuseme nauli zote kwenda na kurudi ni 90,000, na chakula cha siku tatu ni 40,000. Jumla 130,000. Tofauti ni 90,000. Kwa nyumba ya watu wanne tofauti hiyo ni 360,000, nayo ni zaidi ya ada ya paspoti mbili. Hapo wengi hupiga meza wakasema, “Unaona! Wanatuibia!”

Ngoja kwanza. Katika hesabu yako umesahau kitanda.

Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa zima la Uganda. Watu hufika kwa mamia ya maelfu. Wengine wametembea kwa miguu kwa majuma mawili, kutoka magharibi ya Uganda na hata kutoka Kenya. Usiku wa kuamkia sikukuu, nyumba za wageni zilizo karibu zimejaa zamani, na zile chache zenye nafasi zimepandisha bei. Wengi hulala uwanjani juu ya mikeka, wamejifunika blanketi, wakiimba mpaka usiku wa manane. Kwa kijana huo ni usiku mtamu kuliko usiku wa hoteli. Kwa bibi mwenye magoti mabovu ni mateso, na Juni mvua za masika si lazima ziwe zimekwisha. Basi ile 90,000 sehemu kubwa ni kitanda, pamoja na hakika ya kiti cha kurudia. Asiyehitaji kitanda asikinunue. Anayekihitaji asijidanganye kwamba atakipata akifika.

Lakini hata kitanda chenyewe uulize ni kitanda gani. Mwaka mmoja familia moja ya jirani zangu ililipia safari ya mkupuo, na tangazo lilisema wazi “malazi.” Walipofika waliingizwa katika darasa la shule, sakafu ya saruji, wanawake upande huu na wanaume upande ule. Mwenye safari hakuwa amesema uongo, maana kulala ni kulala. Mama wa nyumba hiyo alinieleza habari hizo bila hasira, akasema tu, “Mwalimu, waitu, hilo neno ningelijua maana yake ningebeba godoro.” Tangu siku hiyo, mtu akija na tangazo mkononi, mimi humwambia arudi kwa mwenye safari akaulize: Malazi ni kitanda, godoro au mkeka? Chumba ni cha watu wangapi? Ni umbali gani toka pale mahali patakatifu? Na chakula ni milo mingapi, kuanzia wapi? Pengine mlo wa kwanza unaanza Masaka, nawe toka alfajiri umekaa na njaa.

Swali kubwa kuliko yote huachwa bila kuulizwa, nalo ni hili: kitu kikiharibika njiani, ni mzigo wa nani? Katika dunia kubwa wapo watu wenye fedha wanaotembea baharini kwa meli za starehe, zile ambazo mara nyingine hutia nanga Zanzibar au Mombasa. Nao wana shida hii hii yetu. Kampuni ya meli huwauzia tikiti ya ndege na chumba cha hoteli pamoja na safari ya meli, na mara nyingi bei huwa juu kuliko kujinunulia. Faida yake ni moja: ndege ya kampuni ikichelewa, kampuni ndiyo inayohangaika kumfikisha abiria melini, hata kama ni katika bandari ya pili. Aliyejinunulia ndege yake mwenyewe, meli haimngoji. Hata sisi tuliwahi kuwa na jambo la namna hiyo ziwani. Enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, mwenye meli ndiye aliyekuwa mwenye treni, na mtu wa Bukoba alishuka melini Mwanza au Kisumu akaendelea kwa reli ya shirika lile lile. Leo anayevuka ziwa hununua tikiti ya meli mbali na ya basi mbali, na meli ikichelewa, basi la Dar es Salaam halina habari naye.

Kwa hiyo ukilipa kwa mkupuo, fedha ya ziada unamlipa mtu abebe mzigo huo. Basi mwulize kama anaubeba kweli. Basi likiharibika Kyotera, nani analipa gari jingine? Mmoja wetu akiugua kabla ya safari, fedha yake inarudi au imekwenda? Gari lina hati za kuvuka mpaka, pamoja na bima ile iitwayo kadi ya njano? (Usichanganye: ipo kadi ya njano ya gari, na ipo kadi ya njano ya mtu, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Watu huenda mpakani na moja wakidhani ndiyo zote mbili.) Akijibu kwa maandishi na akakupa stakabadhi, huyo mnaweza kusafiri naye. Akikuambia “usiwe na wasiwasi, tutaelewana huko huko,” mimi nisingempa hata shilingi mia. Mtu anayekutaka utume fedha kwa simu kwa jina ambalo si lake, yafaa umkimbie.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Sikukuu huja mwanzoni mwa Juni, na kahawa yetu ndiyo kwanza inaanza kuiva. Fedha ya kahawa bado haijaingia nyumbani. Lakini wenye safari hutaka malipo ya kwanza Aprili, na wenye fedha hujua hivyo. Wao hupita vijijini wakitafuta kahawa iliyo bado mtini, wakainunua kwa bei ya kutupwa. Hiyo ndiyo butura, mnaijua, na serikali imeikataza lakini haijaisha.

Mama mmoja wa upande wa Muleba, mjane, alikuja kwangu mwezi wa Aprili. Akasema, “Mwanangu karani, nina miaka mingi natamani kufika Namugongo kabla sijafa. Tangazo linataka nusu mwezi huu. Yupo mtu ameniambia atanipa, nimwachie mibuni arobaini.” Nikamwuliza, “Mama, mibuni hiyo mwaka jana ilikupa nini katika chama cha msingi?” Akaitaja fedha. Ilikuwa karibu mara tatu ya ile aliyoahidiwa. Tukaiandika karatasini, na chini yake tukaandika ada ya shule ya mjukuu wake, ambayo ilikuwa itoke humo humo. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Mashahidi hao hukaa huko Juni tu?”

Swali hilo la mama lilikuwa na akili kuliko matangazo yote ya ukutani. Mahali pale hapafungwi. Kanisa lile lililojengwa mfano wa nyumba ya msonge, lenye nguzo 22 kwa hesabu ya Mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, linasimama pale pale mwaka mzima. Papa huyo mwenyewe alifika Namugongo mwaka 1969, na si katika Juni. Siku ya kawaida unaingia, unakaa, unasali bila kusukumwa. Unakwenda kando ya lile ziwa dogo, unachota maji yako kwenye kidumu bila foleni. Na chumba unapata, tena kwa bei ya kuongea. Mama yule aliuza kahawa yake yote chamani, akalipa ada, na mwezi wa Oktoba akaenda na kijana wa dada yake kwa magari ya kawaida, wakalala siku mbili. Hakulipa mkupuo wa mtu yeyote.

Ukiniuliza basi mimi nasimama wapi, nitasema hivi. Anayetaka siku yenyewe ya tarehe 3 Juni, na katika nyumba yake kuna mzee, mgonjwa au mtoto mdogo, alipe kwa mkupuo, lakini baada ya kuuliza maswali yale. Vijana wenye afya wajisafirishe, ila waende watatu au wanne, si mmoja mmoja. Na familia isiyo na fedha mkononi mwezi wa Aprili isiuze kitu, ingoje kahawa, ikaenda Septemba au Desemba kwa nafasi yake. Ipo pia njia ya katikati ambayo wenye safari hawapendi kuitangaza, lakini ukiwaomba wengi hukubali: unalipia kiti cha basi tu, kwenda na kurudi, na chakula na mkeka unabeba mwenyewe.

Ukijiendea, usisahau kwamba Mtanzania havuki kwa kitambulisho cha taifa. Lazima awe na paspoti au hati ya dharura ya safari, nayo hupatikana ofisi ya Uhamiaji. Usingoje juma la mwisho. Chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo ukichanjwa juzi cheti chako bado hakijaanza kazi. Ila ukisha chanjwa mara moja, cheti hicho ni cha maisha. Fedha badilisha katika duka lenye leseni, si kwa vijana wanaokimbilia dirisha la gari, na uhesabu kabla ya kuondoka.

Jambo jingine: Namugongo kuna mahali pawili, petu na pa ndugu zetu Waanglikana, maana wao nao walikuwa na mashahidi wao. Si mbali sana, lakini mwenye bodaboda usipomwambia wazi “Katoliki” atakushusha anapotaka yeye. Na kama unarudi tarehe 3 jioni, jua kwamba magari yote ya Kampala yanatoka saa ile ile. Afadhali ulale usiku mmoja zaidi, uondoke tarehe 4 asubuhi, na mchana uwe umekwisha fika Mutukula.