Mrefu na Mfupi kwenye Tereni ya Tenisi

Wengi wenu mulitununia toka siku ile tulibandika orodha ya ekipe ya tenisi kwenye mlango wa chumba cha kulia, na wengine mulisema maneno nyuma ya jiko mukifikiri kapita hana masikio. Tulisikia yote. Leo tunaandika juu ya jambo lile, na pia juu ya hesabu moja tuliyoifanya usiku kwa taa, maana hesabu ile inafaa hata kwa yule asiyeshika raketi.

Mambo yalikuwa hivi. Masomo moja ya upande wa pili wa milima yalitualika kucheza siku ya posho. Fasi katika kamio zilikuwa chache, kwani kamio ilipaswa kubeba na mifuko ya sementi, basi tuliambiwa: wachezaji wanne, kapita, mwalimu mmoja, hakuna mwingine. Kuchagua wanne kati ya kumi na mmoja ni kazi ya kuleta uadui, na sisi tulitafuta njia nyepesi. Tulitwaa kipande cha makaa, tukapiga mstari mlangoni kwa mita 1,75, tukawapitisha wote pale. Kichwa kikipita mstari, jina linaandikwa. Kikibaki chini, kimebaki. Wanne walipatikana bila kelele. Wa kwanza wao, mwenye mita 1,88, ni rafiki yetu tunayelala naye chumba kimoja. Tunasema hili sisi wenyewe mbele ninyi hamujalisema.

Usiku ule, kisha sala ya jioni, mtoto mmoja wa darasa la tatu alifika mlangoni petu. Jina lake hatuliandiki, lakini ninyi munamjua: ni yule wa mita 1,49 anayekimbia bila viatu.

— Yaya kapita, labda munasahau jina langu?

— Hatukusahau. Wewe uko mufupi.

— Mulinipima na mulango tu. Munipime na mupira basi.

Tulimwambia aende kulala, saa ya kuzima taa imefika. Alisimama kidogo kama mtu aliye na neno lingine, kisha akaenda. Neno lile hatukumwuliza.

Sasa ile hesabu. Tulitaka kuonyesha kwamba mlango ulikuwa na haki, kwa hiyo tulifungua kaye na kumwita Thales, ambaye wengi wenu munamkimbia. Tereni ya tenisi ina urefu wa mita 23,77. Kutoka mstari wa nyuma mpaka wavu ni mita 11,89 hivi. Kutoka wavu mpaka ule mstari ambao mpira wa serivisi haupaswi kuupita ni mita 6,40. Wavu wenyewe, katikati, una kimo cha mita 0,914. Chora kamba iliyonyoka, itoke kwenye mstari wa serivisi, iguse wavu juu, iendelee mpaka kwa mchezaji. Itafika kwake kwa kimo gani? Ni 0,914 mara 18,29, gawanya kwa 6,40. Jibu ni mita 2,61.

Maana yake: anayepiga mpira chini ya mita 2,61 hawezi kuuingiza kwa njia iliyonyoka hata siku moja. Lazima mpira upinde njiani, ama kwa uzito wake, ama kwa kuzungushwa na raketi. Tulipima yule mdogo akiwa amenyosha mkono na raketi: mita 2,25. Rafiki yetu: mita 2,80. Tulifurahi sana. Tulisema, kumbe makaa yetu yalijua Thales.

Lakini mwalimu wa hesabu aliitazama kaye, akauliza: na huyo wa 2,80, mpira wake unapita juu ya wavu kwa sentimita ngapi? Tulihesabu. Ni karibu 7. Na mpira wenyewe una unene wa zaidi ya sentimita 6. Yaani huyo mrefu wetu, akipiga kwa kunyosha, ana mlango ambao mpira unaingia kwa kujibana. Yeye pia anaomba msaada wa uzito wa mpira, sawa na yule mdogo, ila anauomba kidogo zaidi. Ukitaka mlango mpana, ujifananishe na Ivo Karlović wa Kroatia, mwenye mita 2,11. Tukimkadiria anapiga kwa mita 3,15, mpira unapita wavu kwa sentimita 19. Huyo ndiye mrefu. Sisi hapa wote tuko wafupi, tofauti ni nani anajivuna.

Mwalimu alirudisha kaye bila kusema kitu kingine. Orodha ilibaki mlangoni.

Tuliondoka siku ya posho asubuhi. Njia munaijua, matope na mawe. Pale kwenye soko la njia panda, kamio ilipunguza mwendo, na mama mmoja aliyesimama kando na furushi kichwani alianza kukimbia pembeni yetu akitazama nyuso zetu moja moja. Alikuwa amevaa kitambaa kizuri, kile cha kwenda kanisani, na siku ile haikuwa ya kanisa.

— Batoto ba masomo, mutoto wangu iko wapi? Alinitumia habari atapita hapa leo.

Mara moja tulijua ni mama wa nani, maana ana macho yale yale. Tangu masomo yafunguliwe hakuwa amemwona. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba mtoto iko ku masomo, iko muzima, ila hakuchaguliwa. Mama akauliza kama aligonjwa. Hapana, mama. Alifanya kosa? Hapana. Basi, kwa sababu gani? Watu wote katika kamio walitazama kapita. Sisi tulitazama sementi.

Alitupatia furushi. «Aksanti papa, umufikishie.» Kamio ikaenda.

Juu ya mechi hatutasema mengi. Tereni yao ni ya udongo mwekundu kama yetu. Rafiki yetu alishinda seti ya kwanza 6–3 kwa serivisi tu. Kisha mpinzani wake, kijana wa kimo cha kati, akarudi nyuma hatua mbili na kungoja. Kwenye udongo mpira ukigonga unajisugua, nguvu inapungua, unaruka juu polepole, na mwenye kungoja anaupata. Halafu yule kijana akaanza kuirudisha mipira chini, karibu na viatu. Mtu wa mita 1,88 ana safari ndefu mpaka kwenye viatu vyake. Akiinama mara kumi, magoti yanalia. Akipelekwa kushoto na kuitwa tena kuume, mwili mrefu unachelewa kugeuka. 3–6, 2–6. Wale watatu wengine walishindwa pia, isipokuwa mmoja ambaye mvua ilimwokoa.

Kisha kurudi, mwalimu wa mazoezi alituonyesha mambo ya wachezaji wakubwa, na tuliandika. John Isner, Mmarekani wa mita 2,08, alicheza na Nicolas Mahut kule Wimbledon katika 2010 kwa saa 11 na dakika 5, siku tatu, seti ya mwisho 70–68. Serivisi 113 zilipita bila mpinzani kuzigusa! Lakini seti haikuisha kwa nini? Kwa sababu naye hakuweza kuvunja serivisi ya mwenziwe, na huo ndio ugonjwa wa warefu sana: wanatoa vizuri, wanapokea vibaya. Isner aliacha tenisi katika 2023, na mbali alikofika katika mashindano makubwa manne ni nusu fainali ya Wimbledon katika 2018. Kwa wanaume, hakuna aliyepita mita 1,98 aliyeshinda moja ya hayo manne peke yake. Wa 1,98 wako, kama Juan Martín del Potro katika 2009. Yannick Noah, aliyekulia Yaoundé na kushinda Roland-Garros katika 1983, ana 1,93. Inaonekana kimo ni kama chumvi, tusiseme zaidi.

Na wafupi? Diego Schwartzman wa Argentina, mita 1,70, alifika nafasi ya 8 duniani katika 2020, na mwaka ule ule alimshinda Rafael Nadal kule Roma, juu ya udongo. Rod Laver, mita 1,73, alishinda yote manne katika mwaka mmoja, mara mbili, 1962 na 1969. Dada zetu walitaka tuandike Justine Henin, Mbelgiji wa mita 1,67, aliyechukua Roland-Garros mara nne. Na Jasmine Paolini, Mwitalia wa 1,63, aliyefika fainali ya Roland-Garros na ya Wimbledon katika 2024. Tumeandika.

Aliyetugusa zaidi ni Michael Chang, mita 1,75, sawasawa na mstari wetu wa makaa. Roland-Garros ya 1989, alikuwa na miaka 17. Ivan Lendl alikuwa amemshinda seti mbili, na katika seti ya tano miguu ya mtoto ilishikwa na mkazo hata kusimama ni shida. Alifanya nini? Alitoa serivisi ya chini, taratibu, kama watoto wa shule ya msingi. Lendl alichanganyikiwa. Chang alishinda mechi, kisha mashindano yote. Thales wetu hakuandika hiyo.

Lakini haya tuliyasoma kesho yake. Usiku ule tulioingia, tulipeleka furushi. Mtoto alikuwa macho. Tulimwambia: mama yako alikuwa njiani, alikimbia pembeni ya kamio. Tulimwambia kwamba kosa ni letu, la kapita, si la mlango. Hakujibu. Alifungua: karanga, sabuni, na fulana ya baridi iliyofumwa kwa mkono. Aliivaa. Mikono ilifika katikati ya kiganja tu, sisi wote tuliona. Mama alikuwa ameifuma kwa kipimo cha mwaka uliopita.

— Yaya, nimeota, akasema.

Kisha akatupa karanga mkono mmoja, akauliza walitushinda seti ngapi.

Wale watakuja kwetu mwezi ujao. Tumeomba prefe kwamba kamio itakayokwenda kuwachukua isimame kwenye njia panda, na imchukue mama mmoja ikiwa fasi iko. Orodha mpya bado, watacheza wote kumi na mmoja kwanza, kila mtu na kila mtu, kuanzia siku ya nne mchana. Rafiki yetu amekasirika na hatusemeshi, tunangoja. Anayetaka kuhesabu pointi, aje na kaye yake.

Kapita wenu, darasa la sita