Haraka na Maji ya Bombani

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hesabu iliyomo ndani ya methali hiyo niliiona nilipokabidhiwa gavana ya mtambo wa umeme wa maji.

Gavana ni kifaa kinachotunza mzunguko wa mtambo, ili umeme ubaki kwenye hezi 50. Mzigo ukizidi, mtambo hupunguza mwendo. Gavana huhisi, nayo hufungua lango maji yaongezeke. Lakini maji yaliyojaa bomba refu ni mazito, hayapati kasi papo hapo. Lango likifunguka shinikizo hushuka kwanza, na nguvu ya mtambo hupungua kidogo kabla ya kupanda. Gavana yenye pupa huzidi kufungua, ikauongeza upungufu uleule inaotaka kuuponya. Kisha huchelewa kufunga, na mtambo ukaanza kuyumba.

Tabia hiyo haifutiki kwa hesabu yoyote. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell alieleza kwa milinganyo lini gavana hutulia na lini huyumba. Kuanzia miaka ya 1960, kazi za Rudolf Kalman na wenzake zilitupa njia za kukokotoa kidhibiti kilicho bora kupita vyote. Hata hivyo, mwaka 1978 John Doyle alionyesha kwamba kidhibiti bora cha namna hiyo, kinapotegemea makadirio, hakina akiba yoyote ya usalama iliyohakikishwa. Mtambo ukitofautiana kidogo tu na ule wa kwenye karatasi, ubora waweza kugeuka maangamizi.

Siku moja kijana mhandisi aliniletea hesabu zake nitie saini. Zilikuwa safi, na gavana yake ilikuwa ya haraka ajabu. Nikamwomba ajaribu tena, safari hii bwawa likiwa limeshuka na mtambo umebeba mzigo mzima, hali ambayo uzito wa maji hujitokeza zaidi. Kwenye kioo cha kompyuta mstari ukaanza kupanda na kushuka, usitulie.

“Lakini Mzee,” akasema, “kwa bwawa lililojaa hakuna iliyo bora kuliko hii.”

“Ni kweli, mwanangu. Ila kiangazi nacho ni chetu.”

Sikutia saini. Alinuna, nami nilimwelewa, maana si rahisi kuambiwa kazi yako bora haifai. Huko chini kwenye mashine walikuwapo watu wenye familia, wasiojua lolote kuhusu milinganyo yetu. Baada ya majuma machache alirudi na gavana ya polepole zaidi, iliyotulia masika na kiangazi. Hiyo niliisaini kwa moyo mmoja.

Msomaji wangu, tangu hapo nikisifiwa mpango wowote, uwe wa mashine, wa shamba au wa nyumba, siulizi kwanza utaleta faida kiasi gani mambo yakienda sawa. Nauliza utasimamaje bwawa likishuka.