Asiransi moja, gari mbili

Mjini Lubumbashi, mwalimu mmoja mkaaji wa komini ya Katuba aliuza gari yake mwisho wa mwezi wa tano. Ilikuwa Toyota Corolla ya zamani, vola ya kuume, aina ile inayojaa kwenye barabara ya Kasumbalesa na ya Likasi. Mwezi wa kwanza alikuwa amelipa asiransi ya mwaka mzima, na karatasi aliifunga ndani ya plastiki ili mvua isiiharibu. Siku ya kuuza, miezi saba ilikuwa ingali mbele.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Ruashi aliyetaka kufanya teksi. Pesa zilipokwisha kuhesabiwa mezani, kijana aliuliza: «Na asiransi, papa mwalimu?»

«Iko ndani ya gari, mwana.»

Iliyokuwa ndani ya gari ni fotokopi. Karatasi yenyewe mwalimu alibaki nayo, maana yeye ndiye aliyetoa pesa. Kijana naye aliondoka akiamini kwamba asiransi imefuata gari. Hakuna aliyetaka kumwibia mwenzake. Kila mmoja alikuwa na hakika yake, basi.

Wiki mbili baadaye komisionere alimpatia mwalimu Toyota Noah ya viti vinane, iliyoshukia bandari ya Dar es Salaam na kupita Zambia hadi Kasumbalesa. Watoto walipanda wote bila kubanana, kwa mara ya kwanza. Mwalimu akaweka ile karatasi mbele, karibu na kioo. Mke wake, anayeuza vitenge sokoni, alimwuliza kama amepita kwanza biro ya asiransi.

«Nimelipa mpaka mwezi wa kumi na mbili, mama. Wataniambia nini tena?»

Ni kosa ambalo wengi wangelifanya. Katika Congo asiransi ya gari kwa ajili ya hasara za watu wengine ni lazima tangu sheria ya mwaka 1973, na kwa muda mrefu ilikuwa na nyumba moja tu, SONAS. Sheria ya 2015 ndiyo iliyofungua mlango, na kampuni nyingine zikaanza kazi mwaka 2019. Katika miaka hiyo yote watu wengi walizoea kulipa asiransi kama wanavyolipa kodi: unalipa ili polisi wa barabarani akuache upite. Polisi akitazama tarehe tu, unapita kweli. Lakini kampuni siku ya ajali haitazami tarehe peke yake.

Karatasi ile ina namba ya plake, namba ya shasi, nguvu ya motere, hesabu ya viti, na kazi ya gari: ya nyumbani au ya kubeba abiria. Ahadi imeandikwa juu ya gari hiyo moja. Ukibadilisha gari, unakwenda na karatasi ya kuuzisha pamoja na karte roze ya gari mpya, na biro inaandika nyongeza, ile inayoitwa avenant. Miezi iliyobaki inahesabiwa na kuhamishiwa gari mpya. Ikiwa ina nguvu zaidi au viti zaidi, unaongeza pesa kidogo. Ni kazi ya asubuhi moja, lakini inafanywa kabla ya kuwasha motere, si baada.

Mwezi wa saba, magharibi, upande wa komini ya Kenya, Noah iligonga mtu wa makala. Alikuwa akisukuma kinga yake yenye magunia matatu, na mwalimu alikuwa akikwepa shimo. Mguu ulivunjika mahali pawili. Makala yalimwagika barabarani, na kabla ya mgonjwa kufikishwa lopitali yalikuwa yamekwisha kuokotwa na wapita njia.

Kule biro, mama aliyempokea mwalimu alisoma plake mara mbili. «Gari hii sisi hatuijui, papa.» Mwalimu alieleza, akaonyesha risiti, akapandisha sauti kidogo. Yule mama hakukasirika. Alimwuliza tu ni nani sasa anaendesha Corolla. Mwalimu alipojibu kwamba inafanya teksi, mama huyo aliweka kalamu chini: asiransi ile ilikuwa ya gari ya nyumbani, na mwenye nayo si mwenye gari tena. Yaani kwa muda wa mwezi mmoja na zaidi, gari mbili zilitembea mjini kwa karatasi moja, na karatasi hiyo isingelipa kwa yoyote kati yake. Kila siku teksi ilikuwa imejaa watu.

Jioni ile ile mwalimu alikwenda Ruashi. Alimkuta kijana akiosha gari. Hawakugombana, kijana alichomoa fotokopi yake, akaiangalia kama mtu anayesoma barua kwa mara ya kwanza. Asubuhi iliyofuata walikwenda biro pamoja. Mmoja alichukua avenant na kuongeza pesa kwa ajili ya viti vinane, mwingine alianza asiransi yake ya teksi, akalipia miezi mitatu tu kwa kuwa hakuwa na zaidi.

Deni la lopitali lilibaki kwa mwalimu. Mbele ya mkubwa wa kartie walipatana na familia ya mgonjwa: dawa zote, kinga mpya, na pesa ya chakula kila mwisho wa mwezi mpaka mguu upone. Minervale ya watoto wawili iliingia humo. Mgonjwa bado anatembea kwa magongo. Mke wake ameanza kuuza makala kwa vikopo mbele ya nyumba, na mwalimu akileta pesa ya mwezi, huegesha Noah mbali kidogo na kwenda kwa miguu.