Kidimbwi cha Bustani Wakati wa Kiangazi Huko Busi

Mtu aliyezaliwa Bukoba au Moshi, nchi za migomba na mvua nyingi, akipanda gari Dodoma mjini mwezi wa Agosti kwenda Kondoa, kwa barabara ya lami iliyofunguliwa rasmi mwaka 2018, aweza kudhani kwamba anapelekwa jangwani. Kulia na kushoto ni udongo mwekundu, migunga mikavu, na mibuyu isiyo na jani hata moja. Upepo unavuma tangu asubuhi, vumbi linaingia machoni. Atauliza, “Je, watu wa huku hula nini mpaka mvua irudi?”

Asikate tamaa upesi. Na afike Busi, kata ya Wilaya ya Kondoa, katika nchi ya Warangi. Huko, kama katika nchi yote ya Dodoma, mvua ni ya msimu mmoja tu. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi: kwanza kipupwe chenye baridi ya Juni na Julai, kisha jua kali la Septemba na Oktoba. Mtama, uwele na mahindi vimekwisha kuvunwa. Mboga za porini zimekauka, na mama wa nyumba hutegemea mlenda na majani ya kunde aliyoyaanika mapema. Lakini mtu akishuka bondeni, penye maji karibu, aweza kukuta bustani ya kijani, na kando yake kidimbwi kidogo. Habari za kidimbwi cha namna hiyo ndizo tunazotaka kuwaeleza leo, wasomaji wapenzi, maana pale pana chakula cha watu, na pana viumbe wengi wa kufurahisha macho.

Kwanza tujue nchi yenyewe. Vilima vya Irangi vimepata taabu kubwa zamani. Miti ilikatwa, mifugo ikazidi, na mvua ikaikuta ardhi tupu. Basi maji yakachimba makorongo marefu, na udongo ukachukuliwa. Tangu zamani za wakoloni watu waliagizwa kulima matuta na kupunguza ng’ombe. Mwaka 1973 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO, kwa msaada wa Uswidi. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Amri ile ilikuwa chungu, kwa kuwa jamaa nyingi zilikosa maziwa na samadi. Hata hivyo nyasi na miti vilirudi vilimani, na katika mabonde mchanga ukaanza kutulia. Haya hayakupita bure kwa mwenye kidimbwi. Kilima kikiwa kitupu, mvua moja kubwa yatosha kujaza mchanga katika shimo alilolichimba kwa mwezi mzima. Anayetaka maji bondeni hana budi kutazama majani ya mlimani.

Sasa tupige hesabu, kwa maana wengi huchimba bila kuhesabu. Tuseme mtu amechimba kidimbwi cha mita 3 kwa 2, kina chake mita 1. Kikijaa kina lita 6,000, yaani madebe 300. Ni mengi! Lakini jua na upepo navyo vina kiu. Tuseme vinapunguza maji milimita 6 kwa siku. Siku za Oktoba hata zaidi. Hizo ni lita 36, karibu madebe mawili kila siku, kabla mwenye bustani hajachota kata moja. Kutoka Mei mosi, kidimbwi kile kitakauka katikati ya Oktoba, naye hajamwagilia mchicha hata siku moja.

Basi afanyeje? La kwanza, achimbe mahali ambapo maji ya chini huchuruzika yenyewe. Penye matete na nyasi mbichi wakati wa kiangazi, hapo maji hayako mbali. La pili, apunguze mdomo wa kidimbwi na kuongeza kina. Lita zile zile 6,000 katika shimo la mita 2 kwa 1 na nusu, lenye kina cha mita 2, hupoteza nusu tu ya maji kwa jua. La tatu, atie kivuli: chanja ya miti na nyasi juu ya upande mmoja, na migomba au mipapai upande utokako upepo.

Tena asichimbe kwenye ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Wengine huona sheria hii ni ya kuwanyima chakula. Lakini ukingo ukilimwa hubomoka, mto hupanuka na kujaa mchanga, na mwishowe bustani huenda na maji.

Bustani yenyewe isiwe ya matuta ya kuinuka kama ya nchi za mvua. Yafaa vijaruba vilivyo chini kidogo ya ardhi, vyenye kingo pande zote, ili kata moja ya maji ibaki pale pale penye mizizi. Funika udongo kwa nyasi kavu. Mwagilia jua linapozama, wala si saa sita mchana. Mchicha, mnavu, sukuma wiki, nyanya, vitunguu na bamia vyote hukubali. Mchicha huweza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne, kwa hiyo usipande wote siku moja. Panda kijaruba kimoja kila juma, nyumba isikose mboga.

Maji yakiisha kuwapo, wageni hawaalikwi, huja wenyewe. Wa kwanza ni vyura. Watoto hupenda kuwapiga mawe, lakini chura ni mlinzi asiyedai mshahara: usiku kucha hula wadudu wanaotafuna mboga. Wako na vyura wakubwa ambao mvua ikiisha hujifukia ardhini, hujivika ganda jembamba la ngozi, na kulala mpaka mvua irudi. Ukimfukua mmoja kwa jembe, mfukie tena, hajafa, anangoja.

Tena yuko kereng’ende, yule mdudu wa mabawa manne angavu. Mtoto wake huishi majini na kula viluwiluwi vya mbu. Akikua hula mbu hewani. Jamii moja ya kereng’ende wa rangi ya dhahabu husafiri ajabu. Mwaka 2009 mtaalamu Charles Anderson, aliyekuwa akiishi visiwa vya Maldives, alieleza kwamba hutoka India, huvuka Bahari ya Hindi maelfu ya kilomita, na kufika Afrika Mashariki wakati wa mvua, ili watage mayai katika vidimbwi vya muda kama vyetu. Mdudu asiyefikia urefu wa kidole!

Katika vidimbwi vya mvua vya nyanda za kati, kama vile upande wa Bahi, wako na samaki wadogo ambao madume yao yamepakwa rangi za kupendeza. Kidimbwi kikikauka hufa wote. Lakini mayai yao hubaki hai ndani ya matope makavu kiangazi chote, na mvua ikinyesha huanguliwa. Ndiyo sababu watu husema samaki wamenyesha pamoja na mvua. Hawakunyesha, walikuwa chini ya nyayo zetu.

Ndege nao si haba. Asubuhi huja kwenzi wa rangi ya majivu, ambao makazi yao ni Tanzania hasa, na kasuku wadogo wa kijani wenye kola ya njano shingoni. Mdiria hukaa juu ya kijiti akitazama maji, kisha hudondoka kama jiwe. Fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, hutembea polepole katika maji akitafuta vyura. Kiota chake hujengwa kwa maelfu ya vijiti, na huweza kuwa na upana wa zaidi ya mita moja. Watu wengi katika Afrika humwogopa na kusema ni ndege wa mkosi. Tusiogope. Mkosi wa kidimbwi ni mchanga na uchafu, si ndege.

Nyuki pia huhitaji maji sana wakati huu. Weka mawe machache yanayotokeza juu ya maji, wapate mahali pa kusimama wanapokunywa. Bila hayo wengi huzama, na mizinga hupungukiwa.

Lakini hatupaswi kusifu tu. Kidimbwi kina hatari tatu, na kila baba na mama azijue. Ya kwanza ni watoto. Shimo la mita 2 humeza mtoto kwa dakika chache bila kelele. Lizungushie boma la miiba lenye mlango, na upande mmoja chimba ngazi za udongo, ili aliyeanguka apate pa kupandia. Ya pili ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu. Kwa hiyo mtu yeyote asikojoe wala kujisaidia humo au karibu yake, na watoto wasiogelee. Maji ya kuogea yaliyotoka kidimbwini yawekwe siku mbili katika chombo kisicho na konokono, ndipo yatumike. Ya kunywa yachemshwe. Ya tatu ni mbu. Fyeka majani yanayolala juu ya maji, na ukiweza tia perege wachache wale viluwiluwi. Juu ya hayo, kila mtu alale ndani ya chandarua.

Liko na jambo la mwisho, na hili huleta maneno nyumbani. Oktoba maji yakibaki kidogo, mwenye bustani husema, “Niwaache ndege wanywe, na nyanya zangu zinakauka?” Swali lake ni la haki. Jibu twaliona katika hesabu yetu: jua hunywa madebe mawili kwa siku, na kundi la ndege wadogo halinywi hata debe moja. Mwenye kutia kivuli juu ya kidimbwi ameokoa maji mengi kuliko mwenye kufukuza ndege kutwa. Na yule anayeacha kidole cha maji chini ya shimo mpaka mvua za Desemba, huwa amewaweka vyura na kereng’ende wake tayari kwa msimu mpya.

Basi ninyi mlio katika nchi kavu, msingoje mradi mkubwa. Chimbeni sasa, udongo ukiwa mkavu na kazi za shamba zikiwa chache. Pandeni nyasi upande wa juu zizuie mchanga. Na jioni, kazi ikiisha, kaeni kidogo kando ya maji na watoto wenu, muwafundishe jina la kila kiumbe anayekuja kunywa. Mtoto aliyemjua chura kwa jina hatampiga jiwe.