Kuchagua Kinanda cha Kupigia Mbele ya Watu

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa kinanda cha umeme ni kinanda tu, mradi kina vibao vyeupe na vyeusi na sauti yake yatoka. Mimi nimepewa na kwaya yetu ya watu wazima, hapa milimani Usambara, kazi ya kuchagua kimoja. Fedha nilizokabidhiwa zilichangwa kwa muda wa miaka miwili na mafundi cherehani, wauza mboga na vijana wa bodaboda, na fedha za namna hiyo hazichezewi. Kwa hiyo nimetafuta habari za vyombo hivi kwa bidii, nami nawaeleza niliyoyaona, maana najua wako walimu wengine waliotwikwa mzigo huu huu.

Zamani huko pwani neno kinanda lilikuwa jina la chombo cha nyuzi, jamaa yake gambusi. Leo twaliita kwa jina hilo kila chombo cha vibao. Chombo nisemacho mimi ni kile kiitwacho wekistesheni, ndiyo kusema karakana. Ndani yake mna sauti za namna nyingi, mna mahali pa kuweka sehemu za wimbo moja baada ya moja, tena mna njia za kuzipamba. Kilichoieneza aina hii duniani ni Korg M1, iliyotoka mwaka 1988. Tangu hapo mtu mmoja aliweza kukaa chumbani mwake akatunga ngoma, besi, filimbi na zeze katika chombo kimoja.

Lakini mtu wa chumbani ana nafasi. Akikosea hurudia, na umeme ukikatika hunywa chai. Mpigaji aliye mbele ya watu mia tatu katika arusi hana nafasi hiyo. Sifa nyingi ziandikwazo katika matangazo ya biashara ni sifa za chumbani, nasi kwaya twataka chombo cha uwanjani.

Mfanyabiashara mmoja wa Tanga alituonyesha Yamaha Motif XF8 iliyokwisha tumika, aina iliyotoka mwaka 2010. Nilipokaa nayo sikutaka kuondoka. Vibao vyake ni 88, vizito kama vya piano, na kidole hupata jibu sawasawa na nguvu kilichotia. Walakini uzito wake ni karibu kilo 29. Ajuaye njia ya Mombo kwenda Lushoto, na kona zake, na jinsi gari zinavyojaa, aelewa nisemalo; na baada ya gari kuna kilima cha kupanda kwa miguu. Chombo kama hicho kitakaa shuleni kila siku, na kwaya itakwenda kuimba bila kinanda.

Tena iko habari ya kubadili sauti. Nyimbo zetu nyingi zataka ogani katika shairi na piano katika kiitikio. Katika Motif, ukibadili sauti hali vidole vingali juu ya vibao, ile ya kwanza hukatika ghafula, na waimbaji husikia shimo. Mpigaji hodari huliepa kwa kugawanya vibao, ogani kushoto na piano kulia. Yamaha wenyewe walilitengeneza jambo hili katika Montage ya mwaka 2016, na katika MODX ya mwaka 2018 ambayo ni nyepesi zaidi: sauti ya kwanza hufifia taratibu huku ya pili ikiingia. MODX6 ina vibao 61 na uzito wa kilo 6.6. Niliipenda kweli, ila nilipoitoa nje, skrini yake ya kugusa ilinishinda kusoma juani. Na arusi za huku hufanywa uwanjani mchana.

Korg Kronos, ya mwaka 2011, niliifuta katika orodha upesi. Sauti zake ni nzuri mno, lakini ndani yake ni kompyuta hasa, nayo huchukua zaidi ya dakika mbili kuwaka. Umeme ukikatika katikati ya wimbo na kurudi mara moja, bibi arusi atasimama akitungojea.

Basi nimeishia kwenye Roland Juno-DS61, iliyotoka mwaka 2015. Vibao vyake ni vyepesi, havifikii hata kidogo vile vya Motif, na mtoto ajifunzaye piano hatapata nguvu za vidole hapo, hilo lanisikitisha. Lakini ina kilo 5.3, hubebwa mgongoni, na hufanya kazi kwa betri nane za AA. Mzee mmoja wa kwaya aliniuliza, na swali lake ni la haki, ‘Mwalimu, umeme ukikatika, spika nazo si zitakufa?’ Zitakufa, ndiyo. Ila jenereta ikiwashwa kinanda kitakuwa hai, kimesimama pale pale nilipokiweka, na kipo kispika kidogo cha betri cha kuwashikia waimbaji sauti kwa muda huo. Tena bei yake ni chini ya ile ya MODX, nayo masalio yatanunua stendi imara na mfuko wa kukinga vumbi.

Jambo moja halipungui katika vyote nilivyovitaja: waweza kuhamisha sauti nusu kwa nusu, juu au chini. Sisi tuliofundishwa kwa do-re-mi twajua ya kuwa do hukaa po pote. Jioni, sopuranu wakichoka, nashusha kinanda hatua mbili na vidole vyangu havihami.

Ugomvi mkubwa haukuwa wa kilo wala wa bei. Vijana walitaka karakana hiyo itupigie na ngoma pia, kwa kuwa imo ndani. Walinitajia taarabu ya kisasa, ambayo kinanda kimechukua nafasi ya fidla na kodiani. Wapiga ngoma wetu ni wawili, watu wazima, na siku ile walinyamaza kabisa. Mimi nilisema ngoma ya mashine haimtazami kiongozi. Kiongozi akitaka kukawia juu ya neno moja, yenyewe hupita, na waimbaji arobaini hugawanyika. Vijana hawakuridhika wote, na mmoja aliniambia wazi kwamba nawaonea haya wazee. Labda yumo ukweli kidogo. Tumepatana kwamba ngoma ya mashine itumike katika mazoezi ya Jumatano, wazee wakiwa shambani, na katika arusi wapige wao. Mmoja wao ameomba aonyeshwe jinsi mashine ipigavyo, asikilize.